Fumbo na Umri wa Mwali: Uhakiki wa Nyimbo za Unyago, Masasi na Newala

Wahakiki wetu wamezoea kuuliza maswali mawili juu ya wimbo: una maana gani, na umetungwa kwa ufundi gani? Kwa nyimbo za unyago maswali hayo hayatoshi. Liko la tatu, ambalo mwalimu hukutana nalo kila siku darasani lakini mhakiki hulisahau: anayeimbiwa ni nani, naye ana umri gani? Wimbo wa unyago haukutungwa uimbwe hewani. Ulitungwa uingie katika sikio la mtoto fulani, katika siku fulani za maisha yake, ili afya ya mwili wake, adabu yake na hata ndoa yake vijengwe juu ya maneno hayo. Ukimbadilisha msikilizaji umekwisha kuubadilisha wimbo, hata kama hukugusa neno moja.

Tulijaribu swali hilo katika nchi ya Masasi na Newala, ambako unyago ungali hai. Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde; Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya majabali yake. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamepakana na kuoana huko kwa muda mrefu, na mila zao zimeazimana mengi. Kwa msomaji wa mikoa mingine yafaa niseme mapema kwamba unyago wa huku si ukeketaji. Msichana hakatwi, hufundwa. Anayekatwa ni mvulana aendaye jandoni, na kwake jambo la afya ni wazi: kisu kimoja kisipite katika damu ya watoto wengi, na kidonda kitibiwe na mwenye ujuzi. Hilo halihitaji mhakiki. Linahitaji mganga na dawa.

Nyimbo hizi zimepata wasikilizaji wa kila namna. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala na mashine yake ya kunasa sauti. Mwaka 1944 Lyn Harries, aliyekuwa mmisionari, alichapisha maelezo yake juu ya jando na unyago wa Wamakonde. Huyu ndiye yule yule ambaye wanafunzi wa ushairi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya mashairi ya Kiswahili. Lakini aliyethubutu kuliko wote alikuwa Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, aliyeishika kazi hiyo tangu 1926 hadi 1944. Wamisionari wengi wa zama zake waliiita mila hii ushenzi na kuipiga marufuku. Lucas aliona kwamba mtoto asiyepitia jando hahesabiwi kuwa mtu kamili kijijini, basi akaliingiza jando ndani ya kanisa, likawa na sala na padre, na yale aliyoyaona machafu yakaondolewa.

Namheshimu kwa hilo, lakini uhakiki wake sikubaliani nao. Lucas aliyapima maneno. Neno zuri likabaki, neno baya likatoka, kana kwamba uchafu au usafi umo ndani ya neno lenyewe, kama mdudu ndani ya embe. Baada ya Uhuru sisi wenyewe tulikosea upande wa pili. Sindimba ya Wamakonde ilipopandishwa jukwaani katika miaka ya 1960 ikawa ngoma ya taifa zima, tuliyachukua mapigo na viuno, na msikilizaji tukamwacha Newala. Kisha tukashangaa watu wakisema kwamba ngoma ile ni ya matusi! Ngoma iliyofunza ikawa ya kutazamwa tu.

Wazee walilijua jambo hili vizuri kuliko askofu na kuliko sisi. Kwa Wayao mafunzo ya mwanamke hayakuwa ya mara moja. Binti mdogo alikuwa na hatua yake, aliyevunja ungo hatua yake, na mwanamke mwenye mimba ya kwanza alifanyiwa litiwo, mafunzo ya kuibeba mimba na kumpokea mtoto. Huo ni mtaala kamili, nao umepangwa kwa kufuata mwili. Aliyekuwa bado mdogo alifundishwa salamu, usafi na kazi; mengine yalimngoja mbele.

Siku hizi mtaala huo umekunjwa. Shule ina likizo fupi, sherehe ina gharama kubwa, na mzazi aliyepata fedha za korosho mwishoni mwa mwaka huona afadhali awatoe binti zake wote kwa mpigo, mkubwa na mdogo, asije akakosa mwaka ujao. Basi mtoto wa miaka minane anaketi pamoja na wa miaka kumi na minne, wanaimbiwa wimbo ule ule.

Tuseme wimbo huo ni fumbo la mtungi. Juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa mchanga, mvua huzama upesi, na chemchemi ziko mabondeni chini ya miteremko. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950, mtungi mmoja wa maji ulikuwa ni safari nzima. Kwa hiyo aliyetunga fumbo hilo aliweka ndani yake kazi, uangalifu, usafi na mwili wa mwanamke, vyote pamoja, na binti aliyekomaa alivifungua kimoja baada ya kingine. Mtoto wa miaka minane hasikii hayo. Husikia mtungi, halafu huwaona watu wazima wakicheka, akakisia mwili. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mtoto huyu si mjinga wala si mwerevu, ni mtu ambaye hajafika. Kisha anarudi kijijini akiitwa mkubwa, na wako wanaume wanaolichukua jina hilo kama ruhusa. Mahakama Kuu haikuhitajika kwa wazee hao. Kwetu ilihitajika mwaka 2016 kutamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyomruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019.

Wako wanaosema dawa ni kuacha mafumbo na kusema wazi. Wanatoa mfano wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika kusikiliza redio wakajifunza habari za choo, maji na malaria kwa lugha nyepesi. Mfano ni mzuri, na choo chastahili lugha ya wazi. Lakini aibu, tamaa na hofu ya mimba haviingii kichwani kwa njia ya choo. Fumbo lina kazi yake: msichana huondoka nalo, hulirudia kisimani na shambani, na siku lifungukapo ni mali yake mwenyewe.

Kinachotakiwa ni kuzirudisha hatua. Kungwi mwenye kuijua kazi yake haoni taabu kumwambia mzazi kwamba huyu mdogo leo ataimbiwa za salamu na usafi tu, nyingine arudi akikua. Na wanafunzi wa sekondari watakaokwenda vijijini kukusanya nyimbo hizi, kando ya kila wimbo waandike umri wa mwali aliyeimbiwa, aliyemfafanulia, na muda uliopita kabla hajafafanuliwa.