Pongezi kwa Waliorudisha Sauti ya Diski

Programu inapoandika faili kwenye Linux, data haiendi moja kwa moja diskini. Hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikaipeleka baadaye kwa wakati wake. Anayetaka uhakika huita fsync na kungoja jibu. Jibu hilo likidanganya, hifadhidata nzima inasimama juu ya hewa.

Toleo la 4.13 la kerneli ya Linux, la Septemba 2017, lililenga mema: kila aliyekuwa amefungua faili apewe taarifa yake ya hitilafu. Lakini likaja na kasoro. Aliyefungua faili baada ya diski kushindwa hakuambiwa kitu, ilhali zamani angeambiwa. Na hifadhidata ya PostgreSQL hufanya hivyo hasa: mchakato mmoja huandika, mwingine hufungua faili baadaye na kuita fsync. Kelele kuhusu kasoro hiyo zilipopigwa mwaka 2018, Matthew Wilcox, mmoja wa watengenezaji wa kerneli, aliirekebisha: kama hitilafu haijaonwa na yeyote, anayefungua sasa naye aambiwe. Mistari michache tu, ikaingia toleo la 4.17. Ufupi huo usimdanganye mtu. Kazi ilikuwa kujua pa kugusa.

Wana PostgreSQL hawakukaa kuilaumu kerneli. Fsync ikishindwa, kerneli huweza kuzihesabu kurasa za data ambazo hazikufika diskini kuwa safi, yaani kama zimeshaandikwa, na jaribio la pili likajibu kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo tangu Februari 2019 hifadhidata hiyo, kwa kawaida, haijaribu tena: hujiangusha, kisha hujijenga upya kutoka kwenye daftari la miamala. Ukali huo naupenda.