Sina Makosa: utetezi usiokana kosa

Kila wimbo wa Sina Makosa unapopigwa huku Lubutu, Maniema, swali huwa lile lile: mwanamke ni wa nani? Wimbo haujibu, na uzuri wake umejengwa juu ya kutojibu huko.

Les Wanyika waliutoa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, muda mfupi baada ya kujitenga na bendi ya Simba Wanyika. Hauanzi mwanzo. Wanaume wawili wamekutana baada ya jambo ambalo kila mmoja anajua limetokea, mmoja amefura, mwingine anajitetea, na sisi tumeingia kama mpita njia anayekuta watu wamekunjana uani. Nani alimpata nani, lini, wapi, hatusimuliwi.

Sauti inayosikika ni ya mmoja tu. Ya mwenzake imefutwa, lakini tunaijua, kwa kuwa kila anachosema mwimbaji ni jibu. Anapouliza sababu ya hasira, tunaiona sura ya aliyekasirika. Anapolalamika kwamba anatafutwa roho bila sababu, tunaelewa kuwa vitisho vimekwisha kutolewa. Mtunzi amemuumba mtu mzima kwa majibu ya mtu mwingine. Angeongeza maelezo kidogo ungekuwa mkasa wa kusimulia. Angepunguza, msikilizaji asingekuwa na pa kushika.

Sasa angalia utetezi wenyewe. Licha ya jina la wimbo, jamaa hakani hata mara moja kwamba alikuwa na yule mwanamke. Hoja yake ni kwamba hakuna kati yao aliyemwoa, na kila mmoja ana mke nyumbani kwake, kwa hiyo chuki haina msingi. Mbele ya chifu, huo si utetezi wa mtu asiyefanya kitu. Ni utetezi wa kusema mshitaki hana haki ya kushitaki. Tena una kisu ndani yake: ukimtaja mke wa mwenzako katikati ya ugomvi wa namna hii, unamkumbusha kwamba kesi ikifika kwa wazee naye ataulizwa alikuwa akifuata nini kule. Lubutu ni mji wa njiani, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Bukavu, na wanaume wenye nyumba upande mmoja na mazoea upande mwingine wanaielewa hoja hiyo upesi mno.

Mwanamke mwenyewe hana jina. Hilo si uvivu wa mtunzi. Bendi hii hii ina nyimbo zinazoitwa Pamela na Paulina; walijua vizuri jinsi jina la mwanamke linavyobeba wimbo. Hapa wamemnyima jina. Angetajwa, tungeanza kumtafuta yeye, kumpenda au kumlaumu, na macho yetu yangewaacha wanaume wawili waliokwama kila mmoja mbele ya mwenzake.

Kiitikio nacho kina hila. Ubeti ni wa mtu mmoja, lakini kukana kosa kunaimbwa na sauti zilizopangwa pamoja. Ghafla mshitakiwa ana mashahidi. Kadiri wanavyorudia, ndivyo unavyoanza kumshuku. Chini yao gitaa hazigombani kabisa: rithimu ya Omar Shabani na besi ya Tom Malanga zinatembea taratibu, kila moja ikiiachia nyingine nafasi. Maneno yanasema kuna hatari ya kuuawa, muziki unasema kaa chini tunywe. Kwangu mimi muziki ndio unaosema ukweli kuhusu tabia ya jamaa huyu. Amekwisha kuzoea.

Kwa watu wa Maniema wimbo huu haukuhitaji mkalimani. Rumba nyingi ya Kinshasa hutujia kwa Kilingala. Huu umekuja kwa Kiswahili, lugha tunayoitumia kugombana sokoni. Njia ya muziki kati yetu na Afrika Mashariki ilipitika pande zote mbili: mwaka 1978, Les Wanyika ilipoundwa, mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huku kwetu Maniema, alihamia Dar es Salaam kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy.

Lakini nikiuweka kando ya Mario, wimbo wa Franco wa mwaka 1985, naona kasoro moja. Franco alifanya kinyume cha haya yote: alirefusha, alieleza, alitaja jina, na malalamiko aliyoyabeba yalikuwa ya mwanamke mtu mzima anayemlisha kijana asiyetaka kazi. Ufundi wake ni mzito zaidi, mara nyingine unachosha, ila mwanamke ana kinywa. Ndani ya Sina Makosa wamo wanawake watatu, wake wawili na huyo asiye na jina, na wote wametumika kama vielelezo vya hoja ya mwanamume. Gitaa zinaposhika usukani tunacheza, na jamaa anaondoka huru bila yeyote kati yao kuulizwa. Huyo wa tatu, hasa, angekuwa na la kusema kuhusu kuambiwa mbele za watu kwamba si wa mtu.