Nasaba, Gunia na Ukimya: Wahamiaji katika Riwaya Mbili za M.G. Vassanji

Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado, ni mji wenye jina la Kimaasai na wakazi ambao wengi wao asili yao ni kwingineko. Jina hilo, lenye maana ya uwanda mwembamba, limewekwa na waliotangulia, ilhali nyumba na maduka mengi ni ya waliofuata. Katika mazingira ya namna hii swali la nasaba haliwi la udadisi mtupu, kwani anayeeleza babu yake alitoka wapi na alifika vipi huwa pia anatetea haki yake ya kuwapo. Miongoni mwa waandishi wa Afrika Mashariki waliolishughulikia swali hili kwa kina ni M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam na hatimaye akaishi Kanada. Makala haya yanadai kuwa nasaba za wahamiaji katika riwaya zake mbili zinamtegemea mwanamke Mwafrika ambaye riwaya zenyewe hazimpi nafasi ya kusimulia.

Katika The Gunny Sack (1989), msimulizi Salim Juma anarithi gunia lililoachwa na Ji Bai, mzee wa ukoo. Vitu vikuukuu na madaftari yaliyomo humo ndivyo vinavyozua visa, na visa hivyo vinamrudisha hadi kwa Dhanji Govindji, mfanyabiashara aliyetoka Gujarati, akapitia Zanzibar, kisha akaweka duka Matamu, katika nchi ambayo baadaye ilitawaliwa na Wajerumani. Muundo huu unaafiki maudhui. Mhamiaji hana kumbukumbu kamili ya ukoo. Ana mabaki tu, na mfuatano wa matukio hutegemea mkono umegusa nini kwanza.

Hata hivyo, gunia halina kila kitu. Mtoto wa kwanza wa Govindji, Huseni, alizaliwa na mtumwa aitwaye Bibi Taratibu kabla baba hajaoa mke wa jamii yake. Huseni anapotoweka, Govindji anatumia mali yake, na hata mali ya jumuiya, kumtafuta. Salim ni mjukuu wa Huseni, kwa hiyo damu ya Taratibu imo ndani ya msimulizi mwenyewe. Lakini riwaya imegawanywa katika sehemu tatu zenye majina ya wanawake, yaani Ji Bai, Kulsum na Amina, na Taratibu, aliye chimbuko la tawi hilo, hana sehemu yenye jina lake.

Mhakiki anaweza kutetea ukimya huu kwa kusema kwamba utumwa ndio uliomnyima Taratibu kumbukumbu, na kwamba mwandishi angemsingizia maneno angekuwa ameghushi historia. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Vassanji anabuni mawazo na mazungumzo ya watu wengi ambao gunia linawataja kwa shida. Kwa hiyo mpaka wa ubunifu wake haukuwekwa na uhaba wa ushahidi peke yake, bali pia na mazoea ya kuhesabu ukoo kwa upande wa aliyefika.

The In-Between World of Vikram Lall (2003) inalirudia tatizo hili nchini Kenya. Babu yake Vikram alikuja kujenga reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi; karibu 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki. Rafiki wa babu huyo, Juma Molabux, ana mke Mmaasai, Sakina, ambaye ameingizwa katika utamaduni wa Kipanjabi. Msomaji anaijua safari ya wanaume wa reli, lakini haijui safari ya watu wa Sakina. Nao walihamishwa: mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa, kisha Laikipia, na kuwasukuma katika hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado ya leo imo. Hivyo riwaya ina historia mbili za uhamaji, na ni moja tu inayosimuliwa.

Upungufu huu haufuti thamani ya riwaya hizi. Vassanji ameonyesha wazi kwamba nasaba ya mhamiaji ina pengo, na kwa kumfanya Govindji afilisike akilitafuta tawi lililopotea amekiri kwamba pengo hilo lina gharama. Linalobaki ni kazi ya watafiti. Anayekusanya historia za koo katika miji kama Rongai hana budi kuhoji pande zote mbili, upande wenye hati na picha na upande wenye majina ya mahali na masimulizi ya wazee. Asipofanya hivyo, atakuwa amelirithi gunia pamoja na ukimya wake.