Shoka la karamuni: ufundi wa The Vikings

Filamu za zamani za Waviking zilikuwa nyingi, na karibu zote zilikuwa na ndevu, mapanga na merikebu. Kilichoipa The Vikings ya mwaka 1958 maisha marefu kuliko wenzake ni mpangilio. Mwongozaji Richard Fleischer hamshtukizi mtazamaji kwa tendo la ajabu. Humwandaa mapema, tena mahali ambapo hakuna vita.

Chukua shoka. Mapema katika filamu, karamuni kwa Ragnar, kiongozi wa Waviking, mwanamke anafungwa kwa misuko ya nywele zake, na mashoka yanarushwa kuikata. Tukio hilo ni la kikatili, lakini lina kazi: linatuonyesha kwamba watu hawa hupiga shoka pale wanapotaka. Baadaye wanaivamia ngome ya mfalme Aella na kukuta daraja limeinuliwa. Mashoka yanarushwa, yanakita kwenye mbao zake na kuwa ngazi. Einar, anayeigizwa na Kirk Douglas, anaruka handaki na kuyapanda. Hatuhitaji kuelezwa lolote, maana somo tulikwisha kulipata.

Na wepesi wa Einar? Huo nao tuliuona merikebu ilipokuwa ikirejea nyumbani. Makasia yananyooshwa nje ya ubavu, na wanaume wanakimbia juu yake, kasia hadi kasia, maji yakiwa chini yao. Douglas alikimbia mwenyewe, kwenye fjord halisi ya Norway, yaani ghuba nyembamba kati ya milima. Mpiga picha Jack Cardiff alitumia mfumo wa Technirama, ambao mkanda wake hupita kamerani kwa ubavu, kila fremu ikichukua matundu 8 badala ya 4 ya kawaida. Picha hutoka pana na kali. Merikebu, mlima na mtu anayeyumba juu ya kasia hukaa pamoja katika fremu moja, na jicho lenyewe hupima hatari.

Mfano mzito zaidi ni upanga. Ragnar, akiwa mateka wa Aella na akikabiliwa na shimo la mbwamwitu, anataka afe na upanga mkononi ili aingie Valhalla, makao ya mashujaa waliokufa vitani. Eric, mtumwa aliyeigizwa na Tony Curtis, anampa, na Aella anamkata mkono kwa kosa hilo. Hapo tunajifunza thamani ya upanga kwa mtu anayekufa. Mwishoni Einar na Eric wanapigana juu ya mnara. Einar ameambiwa kwamba Eric ni ndugu yake, naye anasita; kusita huko kunamgharimu uhai. Eric anauweka upanga mkononi mwa adui yake. Bila lile shimo, tendo hilo lingekuwa adabu tu; kwa sababu ya lile shimo, ni undugu uliokiriwa.

Kihistoria filamu ina kasoro. Fort-la-Latte ya Ufaransa, iliyotumika kama ngome ya Aella, ni ya karne ya 14, ilhali hadithi ni ya karne ya 9. Kasoro hiyo haiharibu msisimko, kwa sababu msisimko haukujengwa juu ya mawe ya ngome.

Waandishi wa filamu zetu wana la kuchukua hapa, na halihitaji fedha nyingi. Kabla shujaa hajaokolewa na ustadi wake, tuonyesheni ustadi huo mapema, siku ambayo hauokoi mtu.