Kiti cha Saba: Kusoma Jedwali la Kura la Tasmania

Tarehe 23 Machi 2024 wapigakura wa Tasmania, kisiwa chenye serikali yake ndani ya shirikisho la Australia, walichagua wabunge 35 wa Bunge lao la chini: Liberal 14, Labor 10, Greens 5, Jacqui Lambie Network 3, na wagombea huru 3. Juni 2025 hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Kiongozi Jeremy Rockliff ilipita kwa kura ya uamuzi ya Spika, Bunge likavunjwa, na tarehe 19 Julai watu wakarudi vituoni. Matokeo yakawa haya: Liberal 14, Labor 10, Greens 5, wagombea huru 5, na chama cha Shooters, Fishers and Farmers 1. Msomaji wa haraka ataona uchaguzi uliorudiwa bure. Lakini kura za Liberal zilipanda kutoka karibu asilimia 37 hadi karibu 40, na za Labor zikashuka kutoka 29 hadi karibu 26, ilhali hesabu ya viti vya vyama hivyo haikusogea hata kimoja. Matini inayoweza kupokea mabadiliko ya namna hiyo katika maudhui na bado ikatoa umbo lile lile inastahili kusomwa kwa utulivu, kwa kuwa siri yake imo katika umbo.

Tuanze na mizani. Tasmania imegawanywa katika majimbo matano, Bass, Braddon, Clark, Franklin na Lyons, na kila jimbo hutoa wabunge saba kwa pamoja. Ili mgombea ahesabiwe kuwa amechaguliwa moja kwa moja, anahitaji kile nitakachokiita kima cha ushindi: jumla ya kura halali hugawanywa kwa nane, kisha huongezwa moja. Kwa asilimia, hiyo ni 12.5 na kidogo. Sasa pima kura za vyama kwa kipimo hicho. Liberal yenye asilimia 37 ina karibu vima 3, yenye asilimia 40 ina vima 3.2. Labor yenye 29 ina vima 2.3, yenye 26 ina 2.1. Greens, ambao walikuwa karibu na asilimia 14 mara zote mbili, wana kima kimoja na chembe. Kwa hiyo ubeti wa wastani wa Tasmania una vipande vitatu vya Liberal, viwili vya Labor na kimoja cha Greens. Tatu, mbili, moja: jumla sita. Asilimia zinaweza kucheza huku na huku, lakini zikibaki ndani ya mizani hiyo haziandiki kitu kipya. Kipande cha saba ndicho kilichoachwa huru, na ndicho chenye hadithi.

Ukifungua matokeo ya 2024 jimbo kwa jimbo, utaona kwamba Bass, Franklin na Lyons zilifuata arudhi hiyo bila kuikosea: tatu, mbili, moja, kisha mtu wa saba kutoka nje ya vyama vikubwa. Clark, jimbo la jiji la Hobart, liliandika mbili, mbili, mbili na mgombea huru. Braddon, pwani ya kaskazini-magharibi, liliwanyima Greens kabisa na kuwapa viti viwili watu wa nje. Mwaka 2025 ubeti wa Clark haukubadilika, na Bass na Lyons zilibadilisha tu jina la mtu wa saba. Kumbe ile 14 ya Liberal iliyoonekana kuganda haikuganda. Chama kilipata kiti cha nne Braddon na kupoteza cha tatu Franklin, ambako wagombea huru wawili, Peter George na David O'Byrne, waliingia pamoja. Muhtasari wa kisiwa kizima, ambao ndio pekee unaosomwa redioni, umezifuta hatua hizo mbili kwa kuzijumlisha. Ninasema hivi bila kuulaumu muhtasari, kwani kazi yake ni kufupisha. Ninauliza tu kwa nini tumezoea kuuita matokeo.

Sisi tuliolelewa na uchaguzi wa mbunge mmoja kwa kila jimbo, wa Kenya na Tanzania, tumezoea pia karatasi ya kura isemayo neno moja. Alama huwekwa mahali pamoja, na karatasi imemaliza kusema. Karatasi ya Tasmania ni sentensi. Mpigakura huandika 1 mbele ya amtakaye kwanza, 2 mbele ya anayemfuata, na lazima afike walau 7 ili kura yake iwe halali. Akipenda anaweza kuendelea hadi jina la mwisho. Hakuna kisanduku cha kukipigia chama kura ya jumla. Majina hupangwa kwa safu za vyama, lakini ndani ya safu mpigakura ni mhariri wa mwisho: anaweza kumtanguliza mgombea ambaye chama chake kisingependa kumtanguliza, au kuruka kutoka safu moja hadi nyingine na kurudi.

Karatasi yenyewe, tena, haina nakala moja ya asili. Tangu uchaguzi mdogo wa jimbo la Denison (ndilo Clark la leo) mwaka 1980, majina ndani ya kila safu huzungushwa, hivi kwamba karatasi za jimbo moja huchapwa kwa mipangilio mingi na kila mgombea hupata zamu ya kukaa juu. Mbinu hiyo hujulikana kwa jina la Neil Robson, mbunge wa Bass aliyeipigania. Athari yake ni ya hila. Mpigakura mvivu anayeandika namba kwa kufuata majina kutoka juu kwenda chini bado yupo, lakini uvivu wake umegawanywa sawasawa kwa wote, na hivyo haumfaidii yeyote. Chama nacho kimepokonywa haki ya kuamuru nani asomwe kwanza. Ongeza katazo la kugawa vikaratasi vya maelekezo ya kura siku ya uchaguzi, nawe una matini ambayo imefanya juhudi isiyo ya kawaida kumwondoa mwandishi anayenong'ona nyuma ya msomaji.

Usiku wa uchaguzi hutangazwa chaguo la kwanza tu, yaani neno la kwanza la kila sentensi. Kisha tume ya uchaguzi husubiri kura za posta kwa siku kumi, na hapo ndipo usomaji wenyewe huanza. Zao lake ni jedwali la ugawaji wa chaguo: safu wima ni wagombea, safu mlalo ni duru za hesabu, na kila duru huonyesha kura zilizohama na jumla mpya ya kila mmoja. Ni jedwali refu, kavu kwa sura, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya simulizi zilizosukwa vizuri zaidi ambazo idara yoyote ya serikali imewahi kuchapisha.

Uti wa mgongo wa simulizi hiyo ni sehemu ya kura. Thomas Hare, mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 19, aliwaza kura inayohama. Andrew Inglis Clark, Mwanasheria Mkuu wa Tasmania, ndiye aliyeipa usanifu huu, ukajaribiwa Hobart na Launceston mwaka 1897 na kuenezwa kisiwa kizima kuanzia uchaguzi wa 1909. Tatizo lililomkabili Clark lilikuwa la kifundi. Tuseme jimbo lina kura halali 64,000. Kima cha ushindi ni 8,001. Mgombea mmoja akipata 12,001, ana ziada ya 4,000 asiyoihitaji. Je, ni karatasi zipi 4,000 zihamie kwa chaguo la pili? Ukizichota kwa bahati, umeingiza kamari ndani ya hesabu. Jibu la Clark ni kwamba zihame zote, kila moja ikibeba sehemu tu ya thamani yake: 4,000 kwa 12,001, yaani theluthi moja kasoro chembe. Theluthi mbili za thamani ya kila karatasi zimemchagua mbunge na zimebaki naye. Theluthi inaendelea na safari. Sijui utatuzi mwingine wa kiutawala wenye adabu ya kiasi hiki. Haumfanyi mpigakura mmoja awe wa maana kuliko mwenzake, wala hauruhusu kura ihesabiwe mara mbili.

Mgombea mwenye kura nyingi mno ndiye anayeonyesha athari ya mbinu hiyo. Mwaka 2021, majimbo yalipokuwa ya wabunge watano watano, Peter Gutwein, Waziri Kiongozi wa wakati huo, alipata asilimia 48 ya kura zote za Bass peke yake, karibu vima vitatu. Kwingineko wingi huo ungekuwa fahari isiyo na kazi. Hapa duru ya pili ilikuwa mto wa sehemu za kura ukimiminika kutoka kwake, na swali la kihakiki ni ulielekea wapi. Waliompigia kwa sababu ya chama walibaki katika safu yake. Waliompigia yeye binafsi waliweza kutawanyika. Mvujo huo ndio njia pekee ninayoijua ya kupima, kwa namba zilizochapishwa, tofauti kati ya kupendwa kwa mtu na kupendwa kwa chama.

Ziada zikiisha, simulizi hugeuka. Anayeshika mkia huondolewa, karatasi zake hugawanywa kwa jina linalofuata, na duru huendelea hivyo hadi viti vijae. Hapa ndipo kiti cha saba huandikwa. Craig Garland, mvuvi aliyegombea bila chama Braddon mwaka 2024, alianza na karibu asilimia 5, pungufu ya nusu ya kima. Kwa usomaji wa neno la kwanza alikuwa ameshindwa. Lakini kila mgombea mdogo alipoondolewa, Garland alikuwa miongoni mwa waliotajwa baadaye katika sentensi za watu wengi, na duru baada ya duru akawapita waliokuwa mbele yake. Mhusika ambaye si kipenzi cha kwanza cha wengi bali ni wa tatu au wa nne wa watu wa kila aina: fani nyingi za uchaguzi hazina mahali pa kumwandika.

Umbo hili humtuza pia yule anayejua mizani. Chukua chama chenye asilimia 20 na wagombea wawili, kinachoshindana na mgombea mwingine mwenye asilimia 9. Kura zikigawanyika 15 na 5, wa kwanza anachaguliwa, ziada yake ya 2.5 inahama, na hata isipovuja tone, wa pili anafika 7.5 tu, yuko nyuma ya yule wa 9. Zikigawanyika 10 na 10, hakuna aliyefika kima, lakini wote wawili wako mbele na wanaweza kungoja. Ulinganifu unashinda wingi. Chama kinachojenga nyota mmoja kinajidhulumu bila kujua.

Usanifu huu una kasoro, na haki ya uhakiki ni kuitaja. Mgombea akifikia kima katikati ya hesabu, ziada yake husomwa kutoka fungu la mwisho alilopokea peke yake. Tuseme alikuwa na 7,500, akapokea 1,000 kutoka kwa aliyeondolewa: ziada ya 499 itaelekezwa na wale 1,000 waliochelewa kufika, na wale 7,500 waliokuwa naye tangu mwanzo hawaulizwi. Ni urithi wa enzi ya kuhesabu kwa mkono, na leo hauna tena udhuru. Kwa upande mwingine, jedwali lina safu mbili ambazo ni uungwana mtupu: moja ya kura zilizokoma, ambazo wenyewe hawakuandika namba zaidi, na nyingine ya kura zilizopotea katika kukata desimali. Matini inayochapisha makombo yake kando ya jina la mshindi imejiwekea kiwango ambacho matangazo mengi ya matokeo, yetu yakiwemo, hayajakifikia.

Kwa kuwa maana imo katika mizani, anayegusa mizani anaandika upya maana. Mwaka 1998 vyama viwili vikubwa vilikubaliana kulipunguza Bunge kutoka viti 35 hadi 25, watano kwa kila jimbo. Kima kikapanda kutoka asilimia 12.5 hadi 16.7. Greens, waliokuwa na viti vinne, walipoteza takriban asilimia moja tu ya kura na kubakiwa na kiti kimoja. Hakuna mpigakura aliyelazimishwa kubadili neno hata moja la sentensi yake. Kilichofupishwa ni ubeti. Saba ilirejeshwa kwa sheria ya 2022 na kutumika kuanzia 2024, na mara moja watu wa nje wakaonekana tena mahali pale pale umbo lilipowaachia nafasi.

Na jedwali likishachapishwa, karatasi hazitupwi. Mbunge akijiuzulu au akifa, kwa kawaida hakuna uchaguzi mdogo wala uteuzi wa chama: karatasi zilizomchagua hufunguliwa upya na kusomwa kuanzia jina linalofuata. Gutwein alipojiuzulu Aprili 2022, kura zile zile za Mei 2021 zilisomwa tena, na Simon Wood akawa mbunge wa Bass.