Fani Inapokata Maudhui: Uhakiki wa Dirisha la Programu ya Mnyambuliko wa Vitenzi

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi kwa kuangalia fani na maudhui. Katika insha hii ninahakiki kitu ambacho hatujazoea kukihakiki: dirisha la programu ya kompyuta. Ninashikilia kwamba dirisha nalo lina fani yake, na kwamba fani hiyo inaweza kufundisha Kiswahili kibaya hata kama kila neno lililoandikwa ndani yake ni sahihi.

Programu yenyewe ni ndogo, nasi tuliitumia Mbale katika maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Dirisha lake lina paneli tatu: kushoto orodha ya vitenzi vilivyonyambuliwa, katikati maelezo, na kulia mifano ya sentensi. Maudhui yake sina ugomvi nayo. Kauli zimepangwa vizuri na mifano imechaguliwa kwa uangalifu. Kasoro iko kwenye vipimo. Orodha imepewa pikseli 224, maelezo 500 na mifano 300. Jumla ni 1024, na vipimo hivyo havibadiliki hata dirisha likivutwa vipi.

Kwenye kompyuta za Mbale, zenye skrini ya pikseli 1366, tuliona tu uwazi wa pikseli 342 upande wa kulia. Haukumdhuru mtu. Nilipofika Jinja kufundisha, projekta ya shule ilikuwa ya pikseli 800. Orodha na maelezo yalimeza 724, na paneli ya mifano ikabaki ukanda wa pikseli 76. Nilikuza herufi ili wanafunzi wa nyuma waone, na hapo orodha nayo ikaanza kukata maneno. "Fahamishana" likasomeka "fahamisha", na "andikishana" likasomeka "andikisha".

Hapa ndipo pana uzito wa jambo. Katika Kiswahili, kauli ya kitenzi hukaa mwishoni mwa neno. Ukikata "-na", neno halionekani kuwa limekatwa. Linabaki neno kamili lenye maana nyingine, na kauli ya kutendana imepotea. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona fahamisha imeandikwa mara mbili?" Sentensi ambayo ingemsahihisha ilikuwa kwenye paneli ya mifano, ambayo haikuonekana. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, wanafunzi wengi wa Uganda mashariki watakutana na lugha hii darasani kwanza. Wengi wao hawana nyumbani mtu wa kuwasahihisha.

Wenzangu walipendekeza uwiano: paneli zigawane dirisha kwa 1:2:1. Pendekezo hili ni zuri nusu. Kwenye skrini ya 1366 linaondoa uwazi. Lakini kwenye projekta ya 800, robo ni pikseli 200, yaani orodha inapungua kuliko hata ile 224 ya awali. Maneno yangekatwa zaidi. Uwiano unagawa nafasi sawasawa na hesabu, bila kuuliza nani anahitaji nini.

Ninavyoona mimi, kila paneli iulizwe kwanza haiwezi kuishi chini ya kiasi gani. Orodha ipewe upana wa neno lake refu kuliko yote, nafasi inayobaki ndiyo igawanywe kwa uwiano. Tuseme kwa herufi zilizokuzwa neno hilo linahitaji pikseli 260. Kwenye projekta ya 800 zinabaki 540, na kwa uwiano wa 3:2 maelezo yanapata 324 na mifano 216. Kwenye skrini ya 1366 yanapata takriban 664 na 442. Sentensi ndefu itashuka mstari wa pili, na haitapoteza kitu. Neno moja haliwezi kukunjwa hivyo.

Wala jambo hili si gumu. Tkinter, zana ya kutengeneza madirisha inayokuja na lugha ya Python, ina mipangilio miwili kwa kila safu wima: upana wa chini kabisa, na uzito unaoamua safu ipate sehemu gani ya nafasi ya ziada. Uzito usipotajwa huwa sifuri, na safu hainyooki. Programu nyingi hukosea kwa kunyamaza tu.

Anaweza kusema mtu kwamba mwalimu angepunguza ukubwa wa herufi. Angeweza, lakini basi wa nyuma wasingesoma. Kwa hiyo ninahitimisha kwamba programu hii imefaulu kimaudhui na kushindwa kifani, na kushindwa huko kumeharibu maudhui yenyewe. Anayetengeneza dirisha la Kiswahili asilipime kwenye skrini yake peke yake. Alivute hadi liwe dogo, kisha asome mwisho wa kila neno.