Mumbere au Masika

Kuku mwenyewe ni wa kienyeji, mwekundu, mdogo wa kuenea kwenye karai. Chini yake yapo mayai manne ya tausi, na hayo yanamtosha. Yai moja la tausi lina uzito wa gramu 100 hivi, zaidi ya mara mbili ya lile analotaga yeye. Anayafunika kwa shida, mabawa yamemtanuka huku na huku kama shuka fupi inayogombaniwa.

Niko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, kwa mama mmoja Mkonzo anayefuga tausi nyuma ya migomba yake. Tausi waliozoea banda mara nyingi hutaga kisha wakaenda zao, kwa hiyo kazi ya kuatamia hupewa kuku. Lakini si kuku yeyote. Huyu alilalia kwanza mayai yake kwa siku tatu, akitazamwa. Mwenzake aliyekurupuka mlango ulipolia alirudishwa uani. Sababu ni hesabu: yai la kuku huanguliwa siku ya 21, la tausi siku ya 28, pengine hata ya 30. Mlezi anatakiwa avumilie wiki nzima kupita zile tatu alizozaliwa akizijua. Ndiyo maana mayai hubadilishwa usiku, kwa mkono uliopashwa moto, kuku asijue kilichopita chini yake.

Kila yai limechorwa kwa penseli, msalaba upande mmoja, duara upande wa pili. Yai lisipogeuzwa, kiinitete hunata kwenye utando. Kuku huyageuza kwa mdomo, ila haya yanamlemea, kwa hiyo mama humalizia. Asubuhi kuku anapotoka kula na kuoga vumbi, misalaba hulala chini. Jioni mkono wa mama hupenya chini ya kifua cha kuku na duara hulala chini. Kuku hanung'uniki tena.

Siku ya kumi tukayapima kwa mwanga. Mama ametoboa tundu kwenye boksi la sabuni, tochi ya simu ikiwa ndani. Anaweka yai juu ya tundu, anazima taa. Yai la kwanza likageuka jekundu, mishipa imetanda kama mizizi, na katikati doa jeusi likaruka. La pili hivyo hivyo, na la tatu. La nne lilikuwa jeupe tupu, halina uzi hata mmoja. "Hili ni maji," akasema, akaliweka kando.

Kazi nyingine ni ya mizani. Yai hupumua kupitia ganda lake na kupoteza maji taratibu. Lile la gramu 100 linatakiwa lifike karibu na gramu 86 kifaranga anapoanza kugonga. Likikauka kupita kiasi, utando hukaza na kumnasa. Likibaki zito, mfuko wa hewa ulio upande butu huwa mdogo, na humo ndimo atakapovuta pumzi yake ya kwanza. Mama huandika gramu kwenye ganda. Upungufu ukienda mbio, hunyunyizia maji udongo ulio chini ya nyasi za kiota.

Siku ya 28 jioni, yai moja likapata ufa. Asubuhi ufa ulikuwa vile vile, na ndani kilio chembamba. Nikashindwa kujizuia.

"Mama, tumsaidie?"

"Mwanangu, acha. Damu bado iko kwenye utando."

Nilikuja kuelewa baadaye. Kifaranga aliyetoboa ganda bado anafyonza damu iliyo kwenye mishipa ya utando, na kiini kinamalizia kuingia tumboni, akiba ya siku zake za mwanzo. Ukimbandua mapema, anavuja damu mkononi mwako. Ilipita saa sita mchana ndipo ganda likakatika duara, akatoka.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kifaranga wa tausi hajui kwamba chakula kiko chini. Hutazama mdomo wa mama yake na kudonoa kilichomo. Kuku huokota mchwa, huita, humwachia. Lakini kuku huyo huyo anaweza kumwua. Minyoo ya utumbo wa kuku hubeba kijidudu ambacho kuku humudu, ila tausi, kama bata mzinga, humharibu ini. Ndiyo maana mlezi amepewa dawa ya minyoo, na wote wanakaa kwenye kizimba kilichoinuliwa juu ya wavu, mbali na udongo uliokanyagwa na kuku wengine.

Nikauliza majina ya vifaranga. Wakonzo huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Bwambale, msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira. Mama akacheka. Dume na jike hawatofautiani wakianguliwa, itapita miezi kabla rangi haijasema. "Nimwite Mumbere halafu atage?"

Ng'ambo ya mpaka, ukipita Beni hadi misitu ya Ituri, kuna tausi mwingine aliyengoja jina. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alipata huko unyoya mmoja kwenye kofia, asijue ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga wa India. Unyoya ukapata mwenyewe: tausi wa Kongo, ndege ambaye wataalamu hawakuwa wamemtambua. Ule unyoya ulikaa miaka 23 bila jina, na wale wawili walikuwa na jina lisilo lao.

Vifaranga wa mama walikuwa watatu nilipoondoka. Mmoja alikuwa ameshapanda mgongoni mwa mlezi wake, akijaribu mabawa. Kuku akaita, na wote watatu wakaitika.